Silikosisi

Silikosisi ni ugonjwa sugu wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi la silika kwa muda mrefu. Katika ukanda wa Arusha unahusishwa hasa na machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wilayani Simanjiro, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1967. Seli za kinga humeza vumbi la silika zikashindwa kulimeng'enya. Hufa, huliachia tena na kuita seli nyingine, hivyo mchochota hauishi na mapafu hujaa makovu. Seli zilizoharibika hushindwa pia kupambana na bakteria wa kifua kikuu, ndiyo maana mchimbaji anayekohoa anapaswa kupimwa magonjwa yote mawili. Makovu hayaponi. Kwa hiyo kinga ni muhimu: kuchoronga mwamba kwa maji hupunguza vumbi.