Wengi Wenye Dai Moja

Pale Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara itokayo Isaka hugawanyika. Moja huelekea Rusumo na Rwanda, nyingine huenda Biharamulo mjini hadi Bukoba. Tuseme watu mia tano wamenunua hapo mbegu za mahindi za kampuni moja, na mbegu hazikuota. Hasara ya kila mmoja ni ndogo kuliko nauli ya kumfuata wakili. Zikijumlishwa, fedha hizo ni nyingi. Lakini ni nani wa kuzijumlisha?

Huko Marekani kazi hiyo imewapa riziki wanasheria wengi vijana. Kanuni ya 23 ya mahakama za shirikisho, iliyoandikwa upya mwaka 1966, humhesabu mnunuzi anayedai fidia kuwa yumo kesini mpaka ajitoe mwenyewe. Wakili naye huweza kulipwa kutokana na kitakachopatikana.

Mwaka huo huo wa 1966 Tanzania ilitunga Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, na mlango wa watu wengi umo, katika Amri ya 1, kanuni ya 8, tuliyoirithi kwa njia ya India. Wenye maslahi mamoja huweza kuwakilishwa na mmoja wao kwa ruhusa ya mahakama. Kisha linafuata sharti ambalo ni rahisi kulipita mbio: wenzake wote wapewe taarifa, ana kwa ana au, isipowezekana, kwa tangazo, na gharama ni ya mdai. Kwangu mimi kikwazo ni hicho. Mkulima aliyekwisha poteza msimu atoe tena fedha za tangazo la gazeti, ambalo mwenzake wa Ngara huenda asilione kamwe!

Hata hivyo wapo waliojaribu, ingawa hawakuwa wanunuzi bali wakazi waliokosa huduma njema ya jiji. Mwaka 1988 watu wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa kumwaga taka mitaani kwao. Wakashinda; na jiji lilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti. Kila hukumu ilikuwa ya haki, ila iliwalinda walioandikwa katika jalada tu, na uvundo ukawafuata wasioandikwa.

Mwaka 1994 wanasheria vijana wakaanzisha LEAT kutetea mazingira kwa njia ya mahakama. Kwa mnunuzi, Sheria ya Ushindani ya 2003 imeongeza kinga, lakini kijana afunguaye ofisi Biharamulo bado atahitaji majina. Balegele aliwapata wenzake kwa kuwa walikuwa majirani, wakivuta moshi mmoja. Wanunuzi wa Lusahunga wamekwisha tawanyika na mabasi, na aghalabu hawakupewa risiti.