WATUNZAJI WA KIINI

Somo la historia kwa watu wazima, kama lilivyosomwa redioni

Leo tutaanzia huku Same, tutasafiri mpaka Ulaya na Marekani, kisha tutarudi nyumbani.

Kama wewe ni mwenyeji wa milima ya Upare, bila shaka waijua ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakapita mferejini mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Wazee waliozijenga nyingi kati ya ndiva hizo wamekwisha kufa zamani. Mbona basi bado zinashika maji? Ni kwa sababu watu huitwa msaragambo, wakazoa tope na kuziba nyufa. Ndiva isiyozolewa tope haikai misimu mingi. Shika neno hilo, maana historia ya leo ni ya namna hiyo hiyo, ingawa ni ya kompyuta.

Ndani ya kompyuta zimo programu nyingi: ya kuandika barua, ya kupiga hesabu, ya kutazama picha. Chini ya hizo zote ipo moja usiyoiona. Hiyo ndiyo igawayo nafasi ya kumbukumbu, iipayo kila programu zamu yake ya kufanya kazi, na kusema na diski, kibodi na skrini. Mafundi huiita kerneli. Sisi tutaiita kiini, kama kiini cha yai. Kiini kikiharibika, mashine nzima haina kazi.

Sasa twende Finland. Agosti 25, 1991, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, aliwatangazia wenziwe kwamba anatengeneza kiini chake mwenyewe. Kilikuja kuitwa Linux. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari 10,000 hivi ya maandishi. Mwaka 1992 alikiweka chini ya leseni ya mradi wa GNU, ulioanzishwa na Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Leseni hiyo humruhusu kila mtu kukitumia, kukibadili na kukigawa, ila akikigawa sharti atoe na maandishi yake wazi.

Lakini kiini peke yake hakimfai mwalimu wala karani. Hapana budi mtu akichukue, akiunge na programu nyingine, avifunge vyote pamoja na kuwapa watu kitu kamili. Agosti 16, 1993, huko Marekani, mwanafunzi Ian Murdock alitangaza mkusanyo wa namna hiyo, akauita Debian, jina aliloliunga kutoka jina la mchumba wake Debra na jina lake mwenyewe. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mkusanyo mwingine juu ya msingi wa Debian, akauita Ubuntu, neno ambalo ni ndugu wa neno letu utu. Mpaka mwaka 2011 watu wa Ubuntu walimpelekea diski bure kwa posta kila aliyeomba. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na mafundi wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Yote hayo yaliwezekana kwa kuwa maandishi yalikuwa wazi.

Je, mfungashaji wa kiini hufanya kazi gani? Sikiliza kwa utaratibu. Kwanza, huyachukua maandishi kwa Torvalds na wenzake, ambao hutoa toleo jipya kila baada ya wiki tisa au kumi. Pili, huchagua vitu vya kutia na vya kuacha, maana kiini kina maelfu ya vitu vya kuchaguliwa. Tatu, hutia viraka, yaani masahihisho madogo. Nne, huyageuza maandishi yawe programu ya kila aina ya mashine. Tano, hukijaribu, hukitia sahihi, na kukiweka katika kifurushi ambacho kompyuta yako yaweza kukipokea yenyewe.

Kazi haiishi hapo. Watumiaji hawawezi kubadili kila kitu kila wiki kumi. Kwa hiyo mfungashaji hubaki na toleo moja kwa miaka, na kila dosari inaposahihishwa katika toleo jipya, yeye hulichukua sahihisho lile na kulirudisha katika toleo la zamani. Kuanzia mwaka 2005, Greg Kroah-Hartman na Chris Wright walianza kutunza matoleo ya namna hiyo, ambayo hupokea masahihisho tu bila mambo mapya. Kazi hiyo ikawasaidia wafungashaji wote.

Nitakupa mfano mmoja. Oktoba 2016 uligunduliwa ufa katika kiini cha Linux, ukapewa jina la Dirty COW. Kwa ufa huo, mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa yoyote aliweza kujitwalia madaraka ya mwenye mashine. Nao ulikuwamo tangu 2007! Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amejaribu kuuziba miaka kumi na moja kabla, lakini ziba ile ikaja kuondolewa. Toleo jipya kabisa wakati huo lilikuwa 4.8, na Debian ilikuwa ikitumia 3.16, la mwaka 2014. Wafungashaji walikirudisha kiraka katika kiini hicho cha zamani, na katika siku chache vifurushi vilikuwa tayari. Aliyevipokea, ufa wake ulizibwa. Aliyekuwa na mashine isiyo na mtunzaji alibaki na ufa wake.

Hapa ndipo somo letu linaporudi Same. Kompyuta ambayo Torvalds aliitumia mwaka 1991 ilikuwa na prosesa ya Intel 386. Februari 2013, katika toleo 3.8, watunzaji waliiondoa 386 katika kiini. Hata mashine iliyokizaa ikaachwa nje! Na Agosti 2025 ilipotoka Debian 13, haikuwa tena na kiini cha kompyuta za kawaida za biti 32. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Kila aina ya mashine yataka mtu wa kuijaribu, na kwa mashine za zamani watu hao wamepungua. Pasipo watu wa msaragambo, mfereji hufungwa.

Lakini fikiri shule moja ya huku milimani iliyopewa kompyuta kumi zilizokwisha kutumika kwingine. Zikiwa za biti 32, mfereji wa Debian 13 haufiki kwao. Zitaendelea kuwaka, naam, lakini mkusanyo wa zamani walio nao ukiacha kutunzwa, nyufa mpya hazitazibwa. Kwa hiyo wewe mwalimu au mzazi wa kamati ya shule, kabla ya kupokea zawadi ya kompyuta uliza mambo mawili: ni ya biti ngapi, na mkusanyo wake watunzwa mpaka mwaka gani?

Tena usiuogope usasishaji. Wengine huuzima kwa kuogopa gharama ya bando. Kumbe mashine moja yaweza kupokea vifurushi, kisha vikanakiliwa kwenye flashi na kupelekwa katika nyingine zenye mkusanyo ule ule. Wala usiogope kwamba kiini kipya kitaizima mashine. Debian na Ubuntu, kwa kawaida, hukiacha kiini cha zamani kando, nawe waweza kukichagua unapoiwasha ikiwa kipya kina kasoro. Ukiona kasoro hiyo, waandikie wafungashaji. Hiyo nayo ni zamu yako katika msaragambo, na mwanafunzi wa sekondari aweza kuianza.

Twajua nani alikianzisha kiini mwaka 1991. Wale wanaokizoa tope kila wiki ni wengi, na majina yao hayatajwi sana. Lakini maji unayokunywa leo yamepita mikononi mwao.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini mfungashaji hurudisha masahihisho katika toleo la zamani badala ya kuwapa watu toleo jipya?
2. Ufa wa mwaka 2016 watufundisha nini juu ya ziba iliyoondolewa?
3. Katika kijiji chenu, nani anajua kompyuta za shule zatumia mkusanyo gani, na watunzwa mpaka lini?