"Check": Neno la Mfalme wa Uajemi

Mwenzetu mmoja, alipokuwa mgeni Marekani, alipewa fomu ya kazi iliyomtaka a-"check" visanduku. Sisi tuliosomeshwa Kiingereza cha Uingereza twajua neno hilo ni kukagua. Basi akavikagua vyote, akaridhika, akatia saini, akaipeleka bila alama hata moja. Fomu ilirudishwa baada ya wiki sita, na kazi imeshapata mtu. Kumbe Wamarekani walikusudia atie alama ya vema.

Tukaanza kulifuatilia neno lenyewe. Asili yake si London, ni Uajemi. Shah ni mfalme, na katika sataranji anayeitishia kete ya mfalme humwonya mwenzake kwa kulitaja jina hilo. Waarabu waliuchukua mchezo wakaufikisha Hispania, Wafaransa wakalipinda neno kwa ulimi wao, Waingereza wakalipokea kwao. Mfalme aliyetishiwa hawezi kucheza atakavyo. Hapo ikazaliwa maana ya kuzuia, na baadaye ya kukagua.

Kilichotufurahisha zaidi ni habari ya hazina. Katika karne ya 12 maofisa wa mfalme wa Uingereza walihesabu mapato juu ya meza ya futi 10 kwa 5, iliyotandikwa kitambaa chenye miraba kama ubao wa sataranji. Walisogeza vihesabio juu yake, na liwali aliyeleta pungufu aliumbuka mbele ya wote, hata wasiojua kusoma. Hazina ikaitwa Exchequer, na waziri wa fedha wa Uingereza angali anabeba jina la kitambaa kile. (Nasi tunavaa shati la drafti, jina la mchezo vilevile!) Hundi ilipata jina kwa kile kishina kinachobaki kitabuni, cha kukagulia isighushiwe, Wamarekani huandika "check", Waingereza "cheque", kwa kuigiza hiyo Exchequer.

Wazee wetu huchukia vijana wakisema "hebu cheki". Tuko pamoja nao, "angalia" latosha. Ila neno hilo tunalo pia pasipo kumpitia Mwingereza: mfalme wa sataranji kwetu ni shaha, na mtunzi bingwa wa mashairi naye tunamwita shaha.

Mwenzetu tulipomsimulia haya alicheka kidogo, kisha akauliza kama huyo shaha atamrudishia kazi yake.