Gavana Altgeld na Wafungwa Watatu wa Joliet

Kila ifikapo Mei Mosi, wafanyakazi wa Dar es Salaam, wa Mombasa na wa miji mingine mingi ya dunia huandamana na mabango yao, na aghalabu husahauliwa kwamba asili ya sikukuu hiyo ni madai ya saa nane za kazi waliyoyatoa wafanyakazi wa Marekani, na wa Chicago hasa, mwaka 1886. Na anayesahauliwa zaidi ni John Peter Altgeld, gavana wa jimbo la Illinois, ambaye miaka saba baadaye alihatarisha wadhifa wake kwa ajili ya wafungwa watatu ambao hakuwa na udugu nao wala hakuifuata itikadi yao.

Altgeld alizaliwa Ujerumani tarehe 30 Desemba 1847, akachukuliwa na wazazi wake hadi Ohio angali mtoto mchanga, akalelewa shambani katika ufukara uliomnyima hata elimu ya kutosha. Alipotimu miaka kumi na sita aliingia jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akarudi na homa ambayo athari yake haikumtoka maisha. Kisha akafundisha watoto, akashika njia ya magharibi kwa miguu, akafanya kazi ya sulubu relini, na akajisomea sheria mpaka akawa wakili katika Missouri. Mwaka 1875 alihamia Chicago, na huko biashara ya viwanja na majumba ikamtajirisha. Lakini utajiri haukumsahaulisha alikotoka, kwani mwaka 1884 alitoa kitabu juu ya magereza, akieleza kuwa mkono wa sheria huwaangukia zaidi mafukara, na kwamba jela humrejesha mtu mtaani akiwa mbaya kuliko alivyoingia. Kitabu hicho kilimfikia Clarence Darrow, wakili kijana wa Ohio, naye akavutwa nacho hata akaja kuwa sahibu mkubwa wa mtungaji wake.

Usiku wa tarehe 4 Mei 1886, katika uwanja wa Haymarket mjini Chicago, polisi walipokuwa wakiutawanya mkutano wa wafanyakazi, bomu lilirushwa kati yao. Askari saba wakafa, na raia nao wakauawa kwa risasi zilizofuata. Aliyelirusha hajajulikana hata leo. Hata hivyo watu wanane, wengi wao wazaliwa wa Ujerumani, walishtakiwa mbele ya Jaji Joseph Gary kwa sababu ya maneno waliyoyahubiri na kuyaandika, saba wakahukumiwa kifo na mmoja kifungo cha miaka kumi na mitano. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887, mmoja alikwisha kujiua siku moja kabla, na wawili walipunguziwa adhabu wakapewa kifungo cha maisha.

Altgeld aliposhika madaraka Januari 1893, naye ndiye mzaliwa wa nchi ya kigeni wa kwanza kuwa gavana wa Illinois, maombi ya kuwafungua wale watatu waliobaki gerezani, Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe yalikuwa yakimngojea, na miongoni mwa walioyatia saini walikuwamo watu wenye hadhi ya juu mjini. Njia nyepesi ilikuwa wazi: angaliweza kusema kwamba adhabu waliyokwisha kuipata yatosha, akawarehemu, na wakubwa wa Chicago wangalimsifu kwa upole wake. Yeye hakuridhika na hilo. Aliitisha majalada ya kesi, akayasoma mwenyewe, na tarehe 26 Juni 1893 akautoa msamaha pamoja na waraka mrefu unaobainisha kwamba wajumbe wa baraza la juri walichaguliwa kwa hila ili wahukumu, kwamba wengi wao walikiri chuki yao kabla ya kuapishwa, kwamba ushahidi haukuthibitisha hatia, na kwamba jaji mwenyewe aliegemea upande mmoja. Kwani madhali aliyerusha bomu hakupatikana, vipi itathibitika kwamba alishawishiwa na washtakiwa? Wako waliomwambia, na wako wanaosema hadi sasa, kwamba hapakuwa na haja ya kumtaja Jaji Gary kwa ukali ule. Mimi naona haja ilikuwapo, maana mtu asiye na hatia akisamehewa kama mkosaji, dhuluma aliyotendewa hubaki imeandikwa katika daftari za dola kuwa ni haki.

Magazeti yakamshambulia kwa ghadhabu, yakamwita mfuasi wa fujo, yakamsuta hata kwa mahali alipozaliwa. Naye hakurudi nyuma: mwaka huo huo alitia saini sheria ya viwanda iliyokataza kuajiriwa watoto wasiotimu miaka kumi na minne, akamteua Bibi Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu, na Julai 1894, Rais Grover Cleveland alipopeleka majeshi Chicago kuuvunja mgomo wa wafanyakazi wa reli ulioitwa wa Pullman bila ya kuombwa na gavana, Altgeld alimpinga Rais waziwazi kwa hoja za katiba, ingawa wote wawili walikuwa wa chama kimoja cha Demokratiki.

Katika uchaguzi wa 1896 alishindwa, na mali yake nayo, aliyoitia katika jumba lake kubwa la Unity, ikapotea. Tarehe 11 Machi 1902, huko Joliet, mji wenye gereza walimofungwa wale watatu, alihutubia kuwatetea Makaburu wa Afrika Kusini waliokuwa wakipigana na Waingereza. Msomaji wa Kiafrika, akijua waliyotendewa wenyeji na Makaburu hao, ana haki ya kusitasita hapo, nami nasita pamoja naye; lakini nia ya Altgeld ilikuwa kumzuia mwenye nguvu asimmeze mnyonge, kama alivyoyaona mambo kutoka huko alikokuwa. Baada ya hotuba alizidiwa, na siku ya pili akafariki. Maiti yake ililazwa katika maktaba ya umma ya Chicago, maelfu wakapita kumuaga, na mazikoni waliosema walikuwa Darrow na Bibi Jane Addams.