Ng'ombe Aliyeibwa na Deni la Ukoo

Wanaozungumzia wizi wa mifugo kaskazini mwa Kenya hupenda kusema kwamba kule kuna sheria mbili zisizopatana: ya serikali, inayomshika mtu mmoja na kumfunga, na ya wazee, inayoutoza ukoo mzima. Ukiitazama historia ya Korbesa, kijiji cha Waborana karibu na Merti katika kaunti ya Isiolo, kauli hiyo haisimami. Serikali nayo iliwahi kuadhibu kwa ukoo. Mwaka 1909 utawala wa kikoloni ulipitisha Sheria ya Adhabu ya Pamoja, na ile ya wizi wa mifugo ya 1913 ikaweka faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama, huku jamaa za mwizi wakibeba mzigo akishindwa kulipa. Walowezi walitaka mifugo yao ilindwe, na kanuni ya kila mtu kujibu kosa lake ikawekwa kando bila haya.

Baada ya uhuru mambo yalizidi kuwa machungu. Wakati wa vita vya Shifta, uasi wa waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 hadi 1967, Waborana wa Isiolo walikusanywa kambini Merti, Garba Tula na Modogashe. Mifugo mingi ilitwaliwa au kupigwa risasi, mingine ikafa kwa kukosa malisho. Kisha Sheria ya Kinga ya 1970 ikaziba njia ya kuwashtaki maafisa kwa waliyoyatenda kipindi hicho. Mfugaji aliyepoteza zizi zima hakuwa na mshtakiwa wa kumpeleka kortini, ilhali kijana aliyeiba mbuzi mmoja alifungwa. Anayeshangaa kwa nini watu wa huko hukimbilia wazee kabla ya polisi na aanzie hapo.

Kwenye karatasi, shtaka lenyewe ni zito. Kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichozidi miaka 3 kwa wizi wa kawaida. Cha 278, kinachotaja ngamia, ng'ombe, mbuzi, punda na hata mbuni, kinafikisha miaka 14. Wavamizi wakija na bunduki, kosa si wizi tena. Ni wizi wa mabavu, ambao kifungu cha 296 kinauwekea adhabu ya kifo. Lakini mwenye ng'ombe anauliza jambo jingine: mnyama wake atarudi? Jarsa dedha, wazee wanaosimamia malisho, huanza na swali hilo hilo: nyayo zimeelekea wapi, chapa ni ya ukoo gani, nani atalipa.

Watasema wengine kwamba ukoo ukilipa, mwizi anaponea mgongoni mwa wenziwe. Kuna ukweli hapo, ila ukoo uliotoa mitamba yake haumwachi kijana huyo alale usingizi. Kwa kawaida ndio unaojua alikoficha mifugo. Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la haki. Azimio la Modogashe la 2001, lililowakutanisha wafugaji wa Isiolo, Garissa na majirani zao, liliweka fidia ya mwanamke aliyeuawa kuwa nusu ya ile ya mwanamume. Hilo halitetewi kwa jina la mila. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inakubali usuluhishi wa jadi, lakini papo hapo inaukataza kuvunja Sheria ya Haki. Kwa hiyo damu haipaswi kuachiwa baraza la wazee peke yake.

Kwa ng'ombe, hali ni tofauti. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inairuhusu mahakama kuamuru mali iliyoibwa irudishwe kwa mwenyewe, na korti ikiyatumia mamlaka hayo pamoja na kifungo, itakuwa imelijibu swali ambalo wazee wamelijibu muda wote. Hakimu anayemfunga mtu miaka 7 bila kuuliza mitamba iko wapi amemaliza kesi ya Jamhuri tu. Ya mwenye zizi bado iko pale pale.