Meno yalikuwa kipimo cha kwanza

Kati ya Kilimanjaro na Meru, maji yalipimwa kwa meno kabla hayajapimwa maabara. Mtu aliyekulia Maji ya Chai akifika Moshi mjini, alitambulika akicheka tu: meno yana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki wala kwa mkaa. Watu walisema ni maji, na walisema kweli. Kilichomo majini ndicho ambacho hakikujulikana, mpaka mwaka 1931 huko Marekani, mkemia H. V. Churchill alipoyachunguza maji ya mji wa Bauxite akakuta floraidi. Huku kwetu floraidi hiyo hutoka kwenye miamba ya volkano.

Kilichonigusa zaidi katika historia hii ni magadi. Vijiji vya juu mlimani, ambako maji ya chemchemi na mifongo, yaani mifereji ya Wachaga, yana floraidi kidogo, navyo vilikuwa na watoto wenye madoa. Watafiti walipoiacha ndoo wakafuata chungu, wakaikuta floraidi kwenye magadi, kile kipande ambacho mama hutia kwenye kiburu, chakula cha ndizi na maharage, ili maharage yaive upesi. Chemchemi haikuwa na kosa.

Ila kuikuta floraidi si rahisi: haina rangi wala harufu, kwa hiyo ili kuipima wakemia waliazima rangi kwa metali. Zirkoni ikishikana na alizarini hutoa wekundu. Tia maji yenye floraidi: floraidi huinyang'anya alizarini ile zirkoni, na wekundu hufifia kuelekea njano. Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross wakaleta kipimo cha umeme chenye fuwele ya floraidi ya lanthani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wilhelm Simon na wenzake mjini Zürich wakarudi kwenye rangi: utando wa plastiki ya PVC, mwembamba kuliko unywele, unaobadilika rangi ukikamata ayoni za metali kama kalsiamu.

Utando wa namna hiyo kwa ajili ya floraidi ungefaa sana Ngurdoto, upande wa Meru. Kituo cha utafiti kilichopo pale hutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuchuja floraidi, na ndoo zenye mkaa huo zimeingia majumbani. Mkaa hufanya kazi, kisha huchoka. Siku unapochoka, maji yanayotoka kwenye koki ni maangavu kama ya jana, na mama anamjazia mtoto kikombe.