Rafiki Asiyeonekana

Mtoto akiongea na mtu asiyekuwepo, watu wazima hucheka. Mtu mzima akifanya hivyo hivyo, huitiwa daktari. Kati ya kicheko na daktari ipo historia fupi, nami nimeijua zaidi kwa sinema kuliko kwa vitabu.

Mwaka 1944 mwandishi wa Marekani, Mary Chase, alipeleka kwenye majukwaa ya New York mchezo wake uitwao Harvey. Mwaka uliofuata ulimpatia tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1950 ukawa filamu. James Stewart anaigiza Elwood Dowd, bwana mpole asiye na haraka, ambaye rafiki yake mkubwa ni sungura mwenye kimo cha zaidi ya futi 6. Wengine hawamwoni. Dada yake, kwa kuona haya mbele ya wageni, anampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, na huko inapangwa apigwe sindano ya kumwondoa sungura huyo. Dereva wa teksi ndiye anayemfumbua macho dada: watu anaowaleta pale huja wachangamfu, wakitazama ndege njiani, wakishapigwa sindano hurudi wa kawaida tu, wagomvi kama sisi sote. Dada anaizuia sindano.

Miaka 41 baadaye, mwaka 1991, ikaja Drop Dead Fred, iliyoongozwa na Mholanzi Ate de Jong. Kwa siku moja Elizabeth, aliyeigizwa na Phoebe Cates, anampoteza mume, anaibiwa gari na kufukuzwa kazi. Anarudi kwa mama yake mkali, na katika chumba chake cha utotoni anafungua kisanduku cha kuchezea kilichozungushiwa utepe. Anatoka Fred, rafiki yake wa zamani, mwenye nywele nyekundu na suti ya kijani, akiigizwa na Mwingereza Rik Mayall, aliyefariki mwaka 2014. Fred hana upole wa sungura yule. Anavunja, anachafua, anamwaibisha mwenzake kila waendako. Wahakiki wengi waliikataa filamu hiyo, na kweli mizaha mingine inatia kinyaa. Lakini dawa imerudi tena: safari hii ni vidonge vya kijani, na kila Elizabeth amezapo kimoja, Fred hudhoofika.

Nilivikumbuka vidonge hivyo wakati binti yangu alipokuwa akimmiminia chai mgeni asiyeonekana. Wifi yangu aliingiwa na wasiwasi.

"Wifi, mtoto huyu apelekwe kwa wataalamu mapema."

"Wifi, hebu muulize kwanza mgeni wake anataka nini."

Akamuuliza. Mtoto akajibu kwamba mgeni anaogopa kulala peke yake. Tulikuwa tumemhamishia chumba kingine baada ya mdogo wake kuzaliwa, na hakuwa amelalamika hata siku moja.

Wataalamu nao walibadilika. Zamani wengi waliona rafiki wa namna hii kuwa dalili ya upweke au maradhi. Mwaka 2004 Marjorie Taylor na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa asilimia 65 ya watoto waliowachunguza walikuwa wamewahi kuwa na rafiki kama huyo kabla ya kuvuka umri wa miaka 7. Jambo la watoto wengi kiasi hicho haliwezi kuitwa ugonjwa.

Hata hivyo, filamu hizi mbili hazikubaliani. Harvey anabaki na Elwood. Fred anaondoka. Kabla ya kuondoka anamfikisha Elizabeth ndani ya ndoto, mahali ambapo msichana mdogo amefungwa kitandani kwa utepe. Msichana huyo ni Elizabeth mwenyewe. Akimfungua, Fred hana kazi tena, nao wanaagana.

Mimi naona mwisho huu ndio wenye busara zaidi, ingawa filamu yenyewe ina makelele. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama alidhani utepe umemaliza shauri, kumbe aliliahirisha tu, nalo likarudi na riba. Rafiki asiyeonekana huja na ujumbe ambao mwenyewe hathubutu kuutamka. Sindano humnyamazisha mjumbe, na ujumbe ukabaki pale pale. Akisikilizwa, huondoka mwenyewe. Yule wa binti yangu aliaga wiki ile tulipoacha taa ya ukumbini ikiwaka usiku.